Ukienda Pawaga na Idodi, anzia kwa wenye ardhi

Wengi wetu wa Dodoma tukipanga safari ya Ruaha tunawaza geti la hifadhi ya taifa tu, na vijiji vya Idodi tunavipita mbio. Ningekuwa wewe, ningesimama hapo. Kabla hujafika mpaka wa hifadhi kuna eneo la MBOMIPA, yaani Matumizi Bora ya Malihai Idodi na Pawaga. Ni jumuiya ya vijiji 21, na tangu 2007 inatambuliwa rasmi kusimamia wanyamapori kwenye ardhi ya vijiji hivyo. Tembo hajui mpaka uko wapi, kwa hiyo ni tembo walewale.

Pitia ofisi ya jumuiya kwanza. Omba kibali, lipa, dai risiti. Usikubali dereva akwambie kuna njia ya mkato. Mkulima wa huku analala shambani akilinda mpunga na mahindi yake dhidi ya tembo. Mgeni akiingia kinyemela bila kulipa jumuiya, mkulima huyo anabaki na hasara peke yake. Hilo linaniuma sana.

Kisha chukua askari wa wanyamapori wa kijiji, hasa kama mtatembea kwa miguu kando ya mto. Nimewahi kumfuata mmoja kwenye matete, na kila baada ya mwendo mfupi alichota vumbi, akaliachia taratibu kuona upepo unaelekea wapi. Akanionyesha njia ya kiboko: mifereji miwili iliyokanyagika, katikati umebaki ukingo wa majani, na kinyesi kimerushwa vichakani. Kilikuwa kibichi. Tukarudi nyuma, tukazunguka mbali, kwa sababu kiboko akitoka malishoni asubuhi akakukuta umesimama kati yake na maji, hakupi nafasi ya pili.

Msimu nao uuangalie. Masika kingo za mto ni tope, na ule udongo mweusi unameza magurudumu hata ya gari la nguvu. Kiangazi ndiyo bora. Mto Ruaha Mkuu unatoka kwenye ardhioevu ya Ihefu, kule Usangu, na tangu 1993 umekuwa ukikatika kiangazi kwa sababu maji mengi yanatumika huko juu. Panabaki madimbwi, viboko na mamba wamebanana humo, na tembo wanachimba mchangani kwa mkonga na miguu wapate maji. Utawaona kwa wingi, ila hapo wana kiu na hasira, kwa hiyo umbali anaosema askari ndio huohuo, usibishane naye kwa ajili ya picha.

Kutoka Dodoma pita Mtera hadi Iringa, jaza mafuta hapo. Nguo za bluu na nyeusi ziache nyumbani, maana mbung'o wanazifuata. Na mkilala kambini, usiku usitoke bila askari, hata kama choo kiko hatua chache tu.