Mwanangu, kuhusu lile sanduku la picha

Mwanangu,

Salamu zako zimefika, na swali lako nimelisoma tena usiku baada ya baba yako kulala, maana akiwa macho hujibu yeye. Unasema mwalimu wa hilo darasa lenu la juu la picha, huko Ohio, anataka mradi wa dhana: picha 12 zinazosema jambo moja, na ukurasa mmoja wa maelezo. Nawe umeamua kutumia sanduku langu la picha ambazo wateja wa studio niliyofanyia kazi hawakurudi kuzichukua, lile ambalo bibi yako alikuwa akilipiga teke kila akifagia uvunguni. Unaniuliza uzipange kwa miaka au kwa mapazia ya nyuma: za pazia la meli peke yake, za ndege peke yake, za maporomoko peke yake.

Kwa miaka huwezi. Tarehe zilikuwa kwenye daftari, na daftari lililiwa na mchwa. Nyuma ya kila picha kuna namba ya risiti kwa penseli, basi. Kwa mapazia unaweza. Umenieleza habari za wale mume na mke wa Ujerumani, Bernd na Hilla Becher, walioanza mwaka 1959 kupiga picha matangi ya maji na mitambo ya viwanda kwa mkao uleule, kisha wakayapanga safu kwa safu mpaka unaanza kuona lipi lina shingo ndefu na lipi limevimba tumbo. Naelewa kwa nini mwalimu anawapenda. Lakini tangi la maji halikutanguliza kianzio likaahidi kurudi mwisho wa mwezi.

Siku zote nasema, nawe umeshachoka kunisikia: picha ni ya aliye ndani yake. Aliyebonyeza kamera kapata chake. Mimi niliyesafisha picha kule ndani kwenye taa nyekundu nilipata mshahara wangu, pale ulipotoka. Kinachobaki ni cha mwenye sura. Baba yako husema waliotoa kianzio wana haki ya nusu ya picha, basi tuwakate kiunoni tuwapelekee. Mzaha wake huo ameurudia miaka mingi na bado anacheka mwenyewe.

Kabla hujaandika ule ukurasa, jua kwa nini hawakurudi, kwa sababu naona tayari unanyemelea neno "waliosahauliwa". Wengi walitoka mashamba ya mkonge. Mwaka 1964 nchi hii ilitoa zaidi ya tani 230,000 za mkonge. Kufikia katikati ya miaka ya 80, nilipokuwa studio, hata robo yake haikufika. Mtu alikuja studio yetu ya Ngamiani, hapa Tanga, mwisho wa mwezi, akapiga picha ya kupeleka kwao Kigoma, akatanguliza alichonacho. Mwezi wa pili mshahara haukutoka. Wa tatu kahamishiwa shamba jingine au kafungashwa. Hakuna aliyemsahau hapo. Hakulipwa tu. Ukiandika "waliosahauliwa" mwalimu atakupa alama nzuri, nami nitakuona mvivu.

Sasa zile picha za studio ya Gulu, Uganda, ulizonitumia, ambazo Martina Bacigalupo, yule mpiga picha wa Kiitalia, alizikusanya. Watu wamekaa wima, mikono mapajani, na mahali pa uso pana tundu la mraba. Unasema darasa zima lilinyamaza, wakaona vita na mauaji. Mimi nilicheka kwa sauti. Hiyo ni hesabu ya duka! Mashine ya paspoti inatoa nne kwa mkupuo na mteja hahitaji nne, basi unampiga picha ya kawaida, unakata uso, yeye anaondoka na uso, kiwiliwili kinabaki dukani. Vita ilikuwepo Gulu, sikatai, tena ndefu. Lakini anayeianza habari kwenye lile tundu amelipita koti. Tazama vizuri: watu mbalimbali, koti moja. Ni koti la studio.

Na sisi tulikuwa nalo. Ni lile la kijivu la marehemu babu yako, kabla halijaishia kwa mjomba wako wa Korogwe. Nililipeleka mimi kazini, nikalitundika msumarini karibu na kioo, kwa sababu mtu aliyetoka kukata mkonge anakuja na shati lililochanwa na miiba na anataka kumtumia mama yake sura ya mtu aliyefanikiwa. Wembamba tuliwabana kwa pini mgongoni. Wanene walikaa bila kupumua.

Hapa ndipo naacha swali lako, unisamehe. Kuna picha moja humo ya kijana aliyevaa koti hilo, pazia la meli, mkono mmoja juu ya redio ambayo nayo ilikuwa yetu. Masikio yamesimama. Hakurudi. Miaka ikapita, wewe hujazaliwa, akaja binti mmoja na risiti imekunjwa mpaka imekuwa laini kama kitambaa. Baba yake amefariki, risiti wameikuta kwenye mfuko wa nguo zake, na nyumbani kwao hakuna picha yake hata moja. Unajua furaha niliyopata? Nilikuwa nimesemwa na kila mtu juu ya takataka hizi. Nikazipekua, namba kwa namba, nikaipata. Nikamwekea mezani kama ninayemtolea mahari.

Akaitazama sana. Akasema, "Huyu siye."

Nikamwonyesha namba nyuma. Nikamwonyesha risiti. Akasema baba yake hakuwa na koti. Nikalitoa koti msumarini, nikamweleza, akashika ukosi wake kwa vidole viwili, akashukuru kwa adabu, akaenda zake. Masikio yalikuwa yaleyale, mwanangu! Yake na ya picha! Mpaka leo nikikatakata mboga nabishana naye. Namwambia, wewe ulimjua akiwa mzee amekauka, huyu ni kijana, alitaka mama yake amwone hivi. Kisha namjibia: na mimi nilitaka baba yangu, sikutaka mtu wa studio yenu.

Basi picha ile ni ya nani? Nasema ni ya aliye ndani yake, na mwenye haki ya kumrithi amekataa kwamba yumo. Siipendi hali hiyo, inaniharibia msemo wangu. Labda binti alikuwa sahihi, na kilicho ndani ni koti na redio na meli ya rangi ya mafuta, na yule kijana alipita tu. Lakini hapana. Yale masikio si ya koti.

Ndiyo maana habari ya Samuel Fosso, yule mpiga picha uliyenieleza, haikunisumbua. Yule alifungua studio Bangui, Afrika ya Kati, mwaka 1975 akiwa na miaka 13, na filamu ikibaki baada ya wateja anajipiga mwenyewe kwa madoido, anamtumia bibi yake Nigeria. Sura ni yake, wazo ni lake. Hakuna wa kuja na risiti. Ukitaka mradi usio na kesi, jipige wewe. Koti tutaliomba Korogwe, kama panya wameacha kitu. Lakini ulinieleza pia kwamba mwaka 2014, wakati wa machafuko, nyumba yake iliporwa na negetivu zikatupwa barabarani, na waandishi wa habari wakaziokota. Hapo sikucheka. Mwenye studio yetu alipoleta mashine ya kusafisha picha kwa saa moja, alitaka vya zamani vyote vichomwe, na sanduku hili lilitoka kwa mlango wa nyuma juu ya baiskeli. Kwa hiyo siwezi kusimama hapa nikasema zikae gizani milele. Ningekuwa nimeziokoa ili nani azione? Mchwa?

Unaona ninavyokwenda na kurudi. Mistari miwili niliyoikata hapa chini kwa wino ilikuwa jibu langu la ndio au hapana. Usijaribu kuisoma kwa hiyo programu yako. Mradi ni wako, na ukiwa umekosea nataka ukosee kwa akili yako.

La kupanga, ningekuwa mimi, ningeacha mapazia na kufuata koti. Pazia anachagua mpiga picha. Koti anavaa mtu, na kila mtu hulikataa kivyake, mabegani ndipo utaona. Hilo si amri.

Ya kazi sasa. Mwambie mdogo wako azipige skani pande zote mbili, mbele na nyuma, kwa sababu namba ya penseli ni sehemu ya picha. Azipige kwa rangi hata kama ni nyeusi na nyeupe, maana ile njano ya haipo, ile dawa ya kukazia picha, isiyooshwa vizuri itapotea. Na wewe usifute mikwaruzo. Najua mashine yenu inafuta chunusi kwa kugusa mara moja. Mimi nilikuwa nachonga penseli mpaka iwe sindano, nagusa negetivu nukta kwa nukta, na nilifanya hivyo kwa sababu mteja aliomba. Hawa hawajaomba.

Sanduku lenyewe haliondoki Tanga. Mdogo wako atakutumia faili chache kila akipata bando, zote isipokuwa ile moja ya masikio, mpaka tuzungumze. Piga Jumapili baada ya alasiri ya huku, baba yako akiwa barazani kwenye bao.

Mama yako