Kiswahili kimoja, sheria mbili

*Assalamu alaikum. Nauza samaki Malindi na nataka kufungua tawi Unguja, alisimamie mpwa wangu. Lugha ni moja, nihofie nini?*

Waalaikumu salaam, ndugu yangu. Hofia hiyo lugha moja. Inakufanya ujione uko kwako, kumbe umevuka mpaka. Zanzibar ina sheria yake ya kampuni na mamlaka yake ya mapato, mbali na zile za Tanzania Bara. Hayo wakili wa huko atakuongoza. Kinachoua matawi ni kumwachia mtu mmoja anunue, alipe, tena aandike hesabu, huku mwenye mali yuko ng'ambo anasubiri simu.

Niliwahi kuitwa kukagua daftari la tawi la namna hiyo. Mwezi wa Juni, kusi limechachamaa, mashua zimepandishwa ufukweni, lakini barafu inanunuliwa kila siku: kiasi kilekile, mwandiko uleule, kalamu ileile. Samaki wa kutiwa barafu hiyo hawakuandikwa popote. Mwandishi alikuwa mtoto wa dada yake mwenye biashara. Niliingiwa na huzuni kwa ajili ya kijana yule, maana alikabidhiwa kila kitu siku ya kwanza na hakuna aliyemuuliza neno mwaka mzima.

Kama unampenda mpwa wako, mwekee mipaka. Pesa zisitoke benki bila saini mbili. Hesabu zishikwe na mtu asiye wa ukoo. Taarifa ya benki ikufikie kutoka benki kwenyewe, isipitie mkononi mwake. Na uvuke mwenyewe ukahesabu friza bila kutoa habari.

*Nikiwa huko, nikiambiwa nitoe chai ili kibali kitoke haraka?*

Usitoe. Sheria ya Kenya ya mwaka 2016 dhidi ya hongo inakataza hata kumhonga afisa wa nchi ya kigeni, na inaitaka kampuni iwe na taratibu za kuzuia hongo. Mwandikie mpwa wako hivyo, awe na karatasi ya kumwonyesha anayemshika mkono.

*Wageni wanaotaka kujenga hoteli Watamu wameniomba niwe mkurugenzi wa kampuni yao, jina tu, kwa malipo ya kila mwezi. Kuna ubaya?*

Upo, dada yangu. Sheria ya Kampuni ya 2015 haimtambui mkurugenzi wa jina tu. Inakutaka uamue kwa akili yako mwenyewe na uwe mwangalifu. Uamuzi ukipitishwa kwao ng'ambo na saini ikawa yako, atakayeulizwa hapa ni wewe. Waombe hesabu zilizokaguliwa, kumbukumbu za vikao, na maandishi ya nani ana mamlaka ya kutia saini. Wakisita, kataa. Mimi ningekataa hata kabla hawajasita, kwa kuwa hilo "jina tu" limeshakueleza bodi yao inavyoendeshwa.

*Mradi wa makaa ya mawe Lamu ulikuwa na leseni. Mbona ukakwama?*

Kwa sababu Juni 2019 jopo la rufaa za mazingira liliifuta leseni hiyo. Wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Wakubwa wa kampuni nyingi huhesabu mihuri ya Nairobi wakadhani wamemaliza. Anayetaka kuja Amu, yaani Lamu, na aanze barazani, akae na wavuvi na wazee, awafunulie ripoti kwa Kiswahili wanachokielewa, na ajibu maswali yao mapema, wakati ramani bado inaweza kubadilishwa.