Maji ya Boila

Swali lenu la wiki linauliza: "Je, umewahi kukutwa na sadfa iliyokufanya uamini kwamba mambo yote yameunganishwa?" Nilipolisoma mara ya kwanza nilijibu ndiyo papo hapo, moyoni. Nilipolirudia nikaona ndiyo yangu inahitaji maelezo, na maelezo yenyewe ni marefu kidogo. Mnivumilie.

Naishi Walukuba, Jinja, nchini Uganda. Kwetu Kiswahili kilikuja na watu wa viwandani na wa reli, watu wa makabila mbalimbali waliokuwa hawana lugha nyingine ya kuombana chumvi. Nimekulia ndani yake, na sasa nakifundisha sekondari. Mama anaishi Masese, karibu na Ziwa Victoria. Karibu mno, kama tulivyokuja kujua.

Aprili 2020 nchi ilikuwa imefungwa kwa sababu ya korona. Pikapu za kukodi hakuna, bodaboda hazibebi abiria, jioni kafyu. Na ziwa lilikuwa linapanda. Halikuja kwa kishindo. Leo limelowesha shina la mwembe, keshokutwa limefika jikoni. Tarehe 14 nikaazima toroli kwa jirani, nikateremka kumsaidia Mama kuhamisha vitu. Siku hiyohiyo umeme ulikatika nchi nzima. Kisiwa cha mafunjo na matope kilikuwa kimebanduka ziwani, maji yakakisukuma mpaka kwenye bwawa letu hapa Jinja, kikaziba mitambo.

Chumba cha ndani cha Mama hakina dirisha. Akawasha koroboi, ile tunayoiita tadooba, tukaanza kutoa vitu vya chini kabisa, vile ambavyo mtu havigusi miaka na miaka. Chini ya vyote lilikuwepo sanduku la bati la babu, baba yake Mama. Ndani mlikuwa na vyeti, kofia iliyoliwa na mende, na picha moja ya wanaume wawili wamesimama gatini, mmoja ni babu. Nikaigeuza. Nyuma aliandika kwa penseli: "Namasagali. Maji yamefika mlangoni. Mimi na mwenzangu wa Kaberamaido."

Nilisimama na ile picha huku maji yamenifika kwenye vifundo vya miguu. Nikamsomea Mama. Akanyamaza muda, kisha akasema, "Maji haya yananijua mimi."

Kwa wasioijua Namasagali, niseme kidogo. Mto Nile ukitoka Jinja una maporomoko, meli haziwezi kupita. Ndiyo maana mwaka 1912 ilifunguliwa reli fupi kutoka Jinja hadi Namasagali, mahali ambapo mto unatulia. Hapo mizigo na abiria walishuka kwenye treni, wakapanda meli za Ziwa Kyoga kuelekea kaskazini, ambako ndiko iliko Kaberamaido. Babu alikuwa fundi wa injini kwenye meli hizo. Mama alizaliwa hapo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 yakaja mafuriko, bandari ikaharibika, kazi ikaisha, na baadaye majengo ya reli yakageuzwa shule ya sekondari. Babu akapakia watoto na sanduku lake la bati, akahamia Jinja. Mama alikuwa msichana mdogo, lakini anakumbuka kubebwa begani juu ya maji.

Kwa hiyo mwanamke mmoja, maji yaleyale, mara mbili, karibu miaka 60 kati yake. Na sentensi ya baba yake ikamfikia siku ile ya mara ya pili. Niambieni nyinyi mngeiitaje.

Mimi kwa miezi kadhaa niliita muujiza. Shekhe wetu aliniambia hakuna sadfa, kuna kadari, na sikumpinga wala simpingi leo. Lakini mimi ni mwalimu, na mwalimu akiambiwa "ni Mungu" bado anataka kujua Mungu alipitia njia gani. Nikaanza kuuliza.

Njia niliyoipata inaanzia Bahari ya Hindi. Kuna miaka ambayo upande wa bahari ulio karibu na Afrika Mashariki unapata joto kuliko kawaida, na upande wa Sumatra, kule Indonesia, unapoa. Mvuke unajazana huku kwetu, vuli inanyesha kupita kiasi, na kwa upande wa pili kunakauka. Ilitokea 1961. Ikatokea tena 2019, mwaka ambao misitu ya Australia iliungua huku mashamba yetu yakioza kwa mvua. Mvua nyingi ya huku kwetu inaingia Ziwa Victoria, ambalo lina mlango mmoja tu wa kutokea, nao ni huu wa Jinja. Kipimo cha ziwa hapa Jinja kilifika mita 13.41 mnamo Mei 1964. Mei 2020 kikafika mita 13.42. Sentimita moja tu! Nilipoziona namba hizo nilizipeleka Masese kwa miguu nikamwonyesha Mama. Akasema, "Si nilikwambia?"

Ndipo nikaelewa kwamba Mama hakusema fumbo. Maji yale yalikuwa yanamjua kweli, kwa maana ya wazi kabisa. Bahari ileile iliyomtoa babu Namasagali ndiyo iliyomleta binti yake Masese, na ndiyo iliyomfuata hapo. Asingekuwa mtoto wa mtu wa maji, asingeishi kando ya maji. Asingeishi kando ya maji, tusingelifungua sanduku. Mvua ileile iliyojaza ziwa ndiyo iliyobandua kisiwa kile kilichozima umeme, tukaisoma penseli ya babu kwa mwanga wa aina aliouandikia.

Wataalamu wana jina la sadfa yenye maana. Daktari wa nafsi wa Uswisi, Carl Jung, aliiita sinkronisiti, na mwaka 1952 alichapisha maandishi yake juu ya jambo hilo katika kitabu kimoja na mwanafizikia Wolfgang Pauli. Mfano wake mashuhuri ni wa mgonjwa aliyekuwa akimsimulia ndoto ya kupewa kito cha mbawakawa wa dhahabu. Akiwa katikati ya kusimulia, kitu kikagonga dirishani. Jung akafungua, akamdaka mdudu hewani: mbawakawa mwenye mng'ao wa kijani na dhahabu. Akamkabidhi mgonjwa, huyu hapa mbawakawa wako.

Lililonishtua zaidi ni kwamba Jung mwenyewe alipita hapa. Mwishoni mwa 1925 alikuwa Mlima Elgon, akikaa na wenyeji na kuwauliza juu ya ndoto zao kwa Kiswahili cha kuokoteza, kamusi ndogo mkononi. Mganga mmoja mzee alimjibu kwamba tangu Waingereza waje ndoto hazina kazi tena, kwa kuwa Mkuu wa Wilaya anajua kila kitu. Jibu hilo linaniuma kila ninapolikumbuka. Baadaye Jung akashuka Mbale, akafika Jinja, akapanda treni ya Namasagali, kisha meli ya kuvuka Kyoga hadi Masindi Port. Kwa maneno mengine, mtu aliyeipa sadfa jina la kitaalamu alikanyaga gati ambalo babu yangu alikuja kulifanyia kazi miaka kama 20 baada yake.

Hata hivyo kuna mahali naachana naye. Jung alisema matukio hayo yanaunganishwa na maana tu, bila sababu ya moja kulileta jingine. Kwangu mimi sababu ilikuwepo. Ilikuwa ndefu tu, imepita chini ya maji, chini ya reli, chini ya lugha, na sisi tulikuwa tunaona ncha zake mbili.

Najua pia watu wa hesabu wanavyosema, na nawaheshimu. Katika kundi la watu 23 tu, uwezekano wa wawili kuzaliwa tarehe moja unazidi nusu. Kwa darasa la watu 60, kama madarasa yetu yalivyo, unapita asilimia 99. Nimelijaribu darasani na kila mara wanafunzi wanapiga kelele kana kwamba malaika ameshuka. Kwa hiyo mambo ya ajabu hayana budi kutokea, mradi watu ni wengi na siku ni nyingi. Sawa. Ila hesabu hainiambii niifanyie nini picha iliyo mkononi mwangu.

Na lazima niseme jambo moja kwa uchungu. Kuna kijana wa mtaa wetu aliyeona namba moja mara tatu kwa siku: kwenye pikipiki, kwenye risiti, kwenye mlango wa lojingi. Akaamini namba inamwita. Akaipeleka kwenye kamari ya mpira pamoja na karo ya mdogo wake, na mdogo wake alikaa nyumbani muhula mzima. Kuunganishwa kwa mambo si leseni ya kujipa ujumbe unaoupenda. Namba ile haikumdai amfanyie mtu yeyote chochote, ilimwahidi yeye peke yake. Tangu siku hiyo ndicho kipimo changu. Sadfa ikinielekeza kwa mtu mwingine, nainuka nakwenda. Ikinisifu mimi tu, naiacha ipite.

Picha ya babu ilinielekeza kwa mtu, yule mwenzake wa Kaberamaido. Mama alikumbuka tu kwamba alikuwa mrefu na alikuwa akiwaletea samaki wakavu. Jina limemtoka.

Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na kifundishwe kama somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Ghafla sisi walimu wa Kiswahili, tuliozoea kuulizwa kama tunawafundisha watoto lugha ya wanajeshi, tukawa tunahitajika. Mwaka uliofuata nilikwenda kwenye mafunzo ya walimu Soroti. Siku ya pili, saa nne, ilipotangazwa mapumziko, mwalimu aliyekaa pembeni yangu akafunga daftari, akasema, "Haya dada, twende tukanywe maji ya boila."

Miguu iliniisha nguvu. Maji ya boila ni chai. Ni neno la nyumbani kwetu. Babu alilitumia, Mama analitumia, mimi nawaambia wanangu, na katika maisha yangu yote sijalisikia Walukuba, Kampala wala mahali pengine. Nilidhani babu alilitunga.

Nikamuuliza amelipata wapi. Kwa mama yake, akasema, na mama yake alilipata kwa baba yake, aliyekuwa mchochea moto kwenye meli za Kyoga. Kwao ni wapi? Kaberamaido.

Nilitoa simu, vidole vinatetemeka, nikamwonyesha picha. Aliitazama kwa muda mrefu, akaikuza, akaipunguza. Kisha akatikisa kichwa. "Si yeye, dada. Babu yangu alikuwa mfupi. Huyu ni mrefu kama mvule."

Sitaficha kwamba nilivunjika moyo. Nilishaiandaa hadithi nzima kichwani, na ilikuwa nzuri. Chai ikapoa mbele yangu. Baadaye tu, usiku, nimelala kwenye bweni la wageni nikisikiliza mbu, ndipo lilipoanza kunikaa vizuri. Kama angekuwa yeye, ningekuwa nimempata mtu mmoja. Sasa nilikuwa nimepata meli nzima. Neno lile halikuwa la babu, lilikuwa la wote waliokunywa chai ya maji ya moto yaliyochotwa kwenye boila, mtambo wa mvuke wa meli: Wasoga, Wakumam, Wanubi, Wajaluo, na kila mmoja alikwenda nalo kwao kazi ilipoisha. Kuna nyumba ngapi kandokando ya Kyoga ambamo chai inaitwa hivyo, na kila moja inadhani ni siri yake?

Asubuhi mwenzangu alimpigia mama yake simu, akaniwekea sikioni. Sauti ya bibi mzee, Kiswahili chake kilekile cha babu, hakina ngeli hata moja iliyonyooka, na masikio yangu ya mwalimu hayakujali. Nikamwamkia shikamoo, nikajitambulisha, nikamweleza habari za meli na picha. Akaomba itumwe kwa mjukuu wake anayemsomea simu, awaulize wazee wa upande ule. Akanipa pole ya mafuriko ya mama yangu, kana kwamba yalikuwa ya jana. Kisha akaniuliza nakaa wapi hasa.

"Jinja, mama."

"Jinja kwenye bwawa?"

"Ndiyo, kwenye bwawa."

"Basi niambie wewe," akasema, "mmefungua maji au mmefunga? Maana kwangu yameanza kuingia kwenye mihogo."