Kujifunza Amri Rejeshi za Kihispania kwa Ulimi wa Kiswahili

Nilipoanza kujifunza Kihispania, nilidhani kwamba vitenzi rejeshi, yaani vile ambavyo mtendaji hujitendea mwenyewe, vingenipa shida ndogo kuliko vyote, kwa kuwa Kiswahili nacho kina kiambishi -ji-. Dhana hiyo ilinichelewesha kwa miezi kadhaa. Katika shughuli za kila siku, sisi husema amka, oga, vaa, keti, lala, wala hatuhitaji -ji- hata mara moja, ilhali Kihispania hutaka kila amri ya aina hiyo ibebe kiwakilishi te: despiértate, dúchate, vístete, siéntate, acuéstate. Kila nilipoikosa -ji- katika sentensi niliyoiwaza kwa Kiswahili, niliiacha na te, na maana ikageuka bila mimi kujua. Levanta bila te humwamuru mtu ainue kitu, naye atasubiri aambiwe ni kitu gani; acuesta humtaka amlaze mtu mwingine.

Kosa la kinyume nalo lipo. Siku moja nilitaka kumwambia mwenzangu atangulie, nami nikasema vete. Ve ni "nenda", lakini vete ni "ondoka", na yeye alielewa kwamba nilikuwa ninamfukuza.

Hata hivyo, kilichonisumbua zaidi ni mkazo. Katika Kiswahili, mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na neno likirefuka, mkazo nao husogea: katika lala uko kwenye la ya kwanza, katika laleni umehamia kwenye le. Kihispania hakifanyi hivyo kinapoongeza te. Lava ("osha") hutamkwa kwa mkazo kwenye la, na ukiongeza te mkazo hubaki palepale, ndiyo sababu huandikwa lávate, kwa alama juu ya a ya kwanza. Ulimi wangu ulisema "lavate", mkazo ukiwa kwenye va, kwa muda mrefu sana. Baadaye niligundua, kwa furaha kidogo, kwamba hivyo ndivyo wasemavyo Waajentina wanaotumia vos badala ya tú kwa maana ya "wewe": lavate, levantate, acostate, bila alama yoyote. Kwa hiyo anayekusudia kuzungumza na watu wa Buenos Aires anaweza kuuacha ulimi wake ufuate mazoea; mwingine hana budi kuufunza upya. Ponte ("vaa") na vete hazina tatizo, kwa kuwa zina silabi mbili tu.

Katika ukanushaji, Kiswahili kinatusaidia kweli. Osha hugeuka usioshe, na lávate hugeuka no te laves: a ya mwisho inakuwa e katika lugha zote mbili, isipokuwa te hujitenga na kutangulia kitenzi. Vitenzi vyenye mwisho wa -er na -ir huenda kinyume na kuchukua a, kama katika no te duermas ("usilale usingizi") na no te pongas ("usivae"). Unayemheshimu utamwambia lávese na no se lave. Viungo vya mwili pia ni rahisi kwetu, kwa sababu lávate las manos haisemi "mikono yako", kama vile nasi tusemavyo "nawa mikono".

Ushauri wangu ni kuziacha jedwali mapema na kujiamuru mwenyewe kwa sauti huku ukitenda: despiértate ukingali kitandani, sécate taulo likiwa mkononi, péinate mbele ya kioo, na usiku no te acuestes tarde. Mimi hugonga kitu kwa kidole kwenye silabi yenye mkazo, maana sikio peke yake lilikuwa likinidanganya. Vístete bado hunishinda ninapokuwa na usingizi, kwa hiyo huitamka mara mbili kabla ya kugusa shati.