Mshipa wa Mzee na mizani mbili

Mzee wangu analima korosho Tandahimba, na tumboni ana bomba la kitambaa lenye nyavu ya chuma. Lilipitishiwa kinenani, bila kupasua tumbo, baada ya mshipa wake mkuu wa damu, aota, kutuna hadi sentimita 5.8. Kwa kawaida hapo tumboni huwa na upana wa kama sentimita 2 tu.

Sisi tulidhani mshipa ukishatengenezwa unanywea siku hiyohiyo. Wapi! Bomba haliondoi uvimbe. Linapitisha damu ndani yake ili msukumo usiufikie ukuta uliochoka, na uvimbe unabaki nje yake kama mfuko. Miezi ikipita unaweza kusinyaa, au ukakaa vilevile bila neno. Ukizidi kutanuka ndipo daktari husaka damu inakopenyea: kwenye ncha za bomba, kwenye maungio, au kwenye vimishipa vya pembeni vinavyorudisha damu mfukoni.

Picha ya CT (eksirei ya kompyuta) ya mwezi mmoja baada ya kuwekewa bomba, Dar es Salaam, ilisoma 5.8. Mwaka uliofuata, kukwepa nauli, tukapima kwa ultrasaundi hapa Mtwara: 5.4. Jogoo akachinjwa. Miezi michache baadaye, Dar tena, CT ikasema 5.8. Dada akaangua kilio kwenye benchi, mshipa umekua! Daktari akaweka picha mbili za CT sambamba: haujasogea hata kidogo. Ultrasaundi mara nyingi husoma pungufu kidogo, na wapimaji wenyewe hutofautiana milimita kadhaa. Ndiyo maana wanasubiri tofauti ya milimita 5 ndipo waseme umebadilika.

Kwa hiyo linganisha CT na CT, ultrasaundi na ultrasaundi. Dai CD ya picha, karatasi ya majibu peke yake haitoshi (yetu ya kwanza iliishia kufungia karanga). Tarehe za kupima usiziruke hata kama mgonjwa anapanda mikorosho, maana mfuko unaweza kuanza kukua baada ya miaka kadhaa. Maumivu ya ghafla ya tumbo au mgongo, au kuzimia, hayo ni ya hospitali saa hiyohiyo.

Mzee alitucheka njia nzima. "Gunia la nyumbani na la ghalani, kilo ziliwahi kulingana lini?" Siku hizi, kwenye daftari lake la korosho, amepiga mstari katikati ya ukurasa: kushoto CT, kulia ultrasaundi.