Kuingia kwa virusi katika seli: je, ni jambo dogo?

SWALI: Daktari, shikamoo. Binti yangu amemaliza shahada ya kwanza ya sayansi, sasa anataka kufika hadi uzamivu akichunguza jinsi virusi vinavyoingia ndani ya seli. Baba zake wadogo wanasema ni jambo dogo mno la kumalizia ujana. Lina manufaa kweli?
Mama Neema, Tabora

JIBU: Marahaba, Mama Neema. Waambie shemeji zako habari za Ari Helenius, mtafiti wa virusi kutoka Ufini. Alianzia Helsinki, akaenda Heidelberg, Yale, kisha Zürich, na miaka yote hiyo hakuacha kuuliza swali la binti yako. Kirusi alichokichunguza kilitoka kwetu Afrika Mashariki: kilipatikana mwaka 1942 kwa mbu wa msitu wa Semliki, Uganda.

Mwaka 1980 yeye na wenzake walionyesha kwamba kirusi hiki hakitoboi seli. Seli yenyewe hukimeza ndani ya kifuko, kisha humo huongezeka tindikali. Kumbe kirusi kinaisubiri tindikali hiyo hiyo! Protini zake hubadilika umbo, utando wake huungana na wa kifuko, na jeni zake huingia. Klorokwini, ile dawa ya malaria iliyotuwasha mwili mzima, hupunguza tindikali hiyo, na kirusi hukwama kifukoni.

Sasa kumbuka 2020 watu walivyoikimbilia klorokwini. Ilikuwa imezuia kirusi cha Uviko-19 katika seli za figo za tumbili, ambazo maabara nyingi huzitumia. Watafiti wa Göttingen, Ujerumani, walipotumia seli za mapafu ya binadamu, haikuzuia. Seli hizo zina kimeng'enya (enzaimu) juu yake kinachokata protini ya kirusi, na kirusi kikaingia palepale bila kuhitaji kifuko wala tindikali. Juni mwaka huo jaribio kubwa la Uingereza likakuta kwamba hidroksiklorokwini, dawa ya jamii hiyo, haiwapunguzii vifo wagonjwa waliolazwa. Wangapi walimeza vidonge kwa matumaini tu! Jambo hilo bado linaniuma, ndiyo maana siwezi kuliita swali la binti yako dogo.

Atafute msimamizi atakayemweleza bila kusita anatumia seli gani na kwa nini. Kuhusu kirusi, mimi ningemwelekeza kwenye chikungunya, kinachoenezwa na mbu: ni ndugu wa kile cha Semliki, na ugonjwa wake ulielezwa kwanza hapa kwetu, kwenye uwanda wa Makonde, baada ya mlipuko wa 1952.