Shahidi B mwenye mizinga kumi na miwili

Nikiwa mgeni katika kazi ya usaidizi wa kisheria, nilimsikiliza mzee wa Kisengwer, jamii inayoishi katika msitu wa Embobut, kule Elgeyo Marakwet, akieleza alivyoona nyumba za majirani zikichomwa. Nikambatiza Shahidi B, nikajiona fundi wa kuficha. Kisha nikaandika kwa uaminifu wote kwamba ana mizinga kumi na miwili ya nyuki, anatembea na mkongojo, na wajukuu wake mapacha walikuwa naye siku hiyo. Mwenzangu mzaliwa wa huko alisoma mistari mitatu tu, akaniangalia. "Huyu si mzee wa pale juu ya kijito?"

Tangu hapo taarifa haitoki mkononi mwangu kabla haijasomwa na mtu wa kwao, aliyechaguliwa na shahidi mwenyewe. Katika jamii ndogo, mtu hutambulika kwa ng'ombe wake na kikohozi chake kabla hujafika kwenye jina.

Na hofu yao si ya kubuni. Januari 2018, wakati wa operesheni ya kuwafurusha watu Embobut, Msengwer mmoja aliuawa kwa risasi. Umoja wa Ulaya ukasimamisha ufadhili wa mradi wake wa euro milioni 31 wa maji na uhifadhi. Fedha husimamishwa kwa barua. Aliyeona mauaji hurudi kulala mlemle msituni.

Sheria ya Ulinzi wa Mashahidi tunayo Kenya tangu 2006. Inaruhusu kusikizwa faraghani, jina bandia, ushahidi kwa video, askari wa kulinda, kuhamishwa makao, hata kupewa utambulisho mpya. Shahidi anaweza kuomba mwenyewe au kupitia wakili. Msingoje hadi wiki ya kesi. Lakini nilipomtajia mzee wangu habari ya kuhama, aliuliza, "Nikakae mjini nikiwa nani?" Sikuwa na jibu. Analalamikia kutolewa msituni, nami namlinda kwa kumtoa msituni! Siku hizi naanza na hatua zinazomwacha kwake. Ila kitisho kikishamtaja mtu kwa jina, usijadiliane na mapenzi ya nyumbani: aondoke, na mkewe pia, na uhakikishe kuna wa kuchunga mifugo yake, la sivyo atarudi baada ya siku nne.

Yanayonikosesha usingizi zaidi ni mambo madogo. Nauli, kwa mfano. Ukiituma kwa M-Pesa, ujumbe unaonyesha jina la aliyetuma, na simu ya kijijini hushikwa na watu watano. Mimi hupeleka pesa taslimu. Au safari ya kurudi: niliwahi kumwacha mama mmoja stejini baada ya kusikizwa kwa kesi, nikaenda kunywa chai. Askari wa msitu ambaye mama huyo alikuwa ametoka kumtaja mahakamani akapanda matatu hiyohiyo, akakaa nyuma yake. Mama alijifanya amelala hadi Chesoi. Hakunilaumu, jambo lililoniuma zaidi. Sasa namsindikiza shahidi mpaka mlangoni, na wiki mbili baadaye naulizia hali.

Mkalimani naye aulizwe ukoo wake mapema, kwa adabu, asije akawa ndugu wa anayetuhumiwa.

Ikiwezekana, kesi isibebwe na mtu mmoja mgongoni. Ile ya Waogiek, jamii ya msitu wa Mau, ilifikishwa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Arusha, na Tume ya Afrika ya haki hizohizo, kwa niaba ya jamii nzima. Walishinda Mei 2017, na fidia ikaamuliwa Juni 2022. Mdai mmoja angeishi na vitisho muda wote huo peke yake.

Mzee wangu hatimaye alikubali kutoa ushahidi kwa video, kwa sharti moja: tarehe isiangukie msimu wa kurina asali. Tukaandika kuomba tarehe nyingine. Sababu tuliyotaja ni afya ya shahidi. Neno asali halikuingia popote.